Majani ya Jangwani na Mayai ya Mama Mkwe

Kwa Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Mifugo,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na umeshakula. Mimi ni Saady Shamsi, muuza vitenge hapa Kasulu mjini. Kuku nimeanza kufuga mwaka huu kwa kukuamini wewe. Uliandika kwamba majani ya kichaka cha jangwani, yakikaushwa na kutwangwa, ni chakula mbadala kizuri kwa matetea wanaokua. Nikasadiki. Sasa nalalamika hivi:

1. Jangwa hatuna. Huku kwetu mvua ikianza, hata migomba inatamani ipumzike. Ilinibidi nimwagize dereva wa lori gunia zima kutoka nchi za ukame. Siku ya kulishusha mtaa mzima ulitoka kumtazama mtu anayeleta majani Kasulu. Nikavumilia.

2. Matetea wangu saba wameyala kwa bidii na wamenenepa. Hakuna aliyetaga. Hata yai moja la kuonjea, Mhariri!

3. Tabia zao zimeharibika. Wanapigana kutwa, wanatembea vifua mbele kama madiwani. Vilemba vya kichwani vimekuwa vikubwa na vyekundu, mikia imerefuka na kupinda. Mimi naona ni ukali wa jangwa, umo ndani ya majani. Mke wangu Mwajabu nikimuuliza, anajifunika kitenge anacheka, anasema msoma gazeti ni mimi.

4. Hili ndilo linaloniumiza. Mama yake Mwajabu, anayekaa Manyovu, tangu nimuoe binti yake anasema mimi kazi yangu ni kukunja nguo tu. Basi nikamtumia salamu kwamba akija atakula mayai ya kuku wangu mwenyewe, asubuhi na jioni. Anakuja kesho! Ahadi ni deni, na mayai ya kununua atayajua, maana amefuga kuku tangu utotoni. Uso wangu nitauweka wapi?

Kwa hiyo naomba utangaze kwamba majani hayo yanafunga mayai. Ukishindwa, nitumie trei mbili za mayai ya kienyeji. Na hilo likikushinda, panda basi uje mwenyewe, uketi sebuleni kwangu umweleze mama mkwe. Mimi kwa heshima siwezi kuketi naye uso kwa uso. Wewe hujaoa kwake.

Nisalimie wachapaji, wauza magazeti, shemeji na watoto, na yule aliyepiga picha ya kichaka.

Wako mwenye uchungu,
Saady Shamsi

N.B. Tafadhali usiichapishe. Majani yako hayana kosa lolote. Mama mkwe amewahi, amefika asubuhi hii. Alipokuwa anashuka kwenye bodaboda, matetea wote saba wakawika. Nimemwamkia "mwakeye" kwa Kiha, akawageukia kuku. Kisha amemtuma Mwajabu aje aniulize ni yupi kati yao anayetaga.