Njia ya Mvinyo na Nyangumi, Jinja hadi Mbale

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye ametuma udhuru, mwakilishi wake ambaye naye ametuma udhuru, maafande wa polisi na magereza, Sheikh Bruhan, Mchungaji Romano, mke wangu Lillian aliyevaa gauni la njano ili kila mtu amwone, wageni mlioketi chini ya hema, na wananchi wa Budondo mliosimama juani kwa uzalendo wenu: mimi, Kapteni mstaafu Conrad Bogere, Mwenyekiti wa maisha wa Kamati ya Uratibu wa Safari Fupi ya Mvinyo na Nyangumi, nawasalimu. (Makofi kutoka kwenye hema.) Nimechagua kuwahutubia kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wenu mliisikia kwanza mkiamriwa na askari mlale chini, na ndiyo maana mnaisikiliza vizuri.

Mtalii wa kisasa, ndugu zangu, anataka mambo mawili tu, kunywa mvinyo shambani na kumwona nyangumi akiruka majini, na kamati yangu, baada ya wokshopu nyingi na fizibiliti stadi iliyowahusisha mastekiholda wote muhimu, yaani sisi, ilichora rodimapu ya kumwanzisha mtalii huyo hapa Budondo akionja mvinyo, kumteremsha ziwani pale Jinja akamtazame nyangumi, kisha kumfikisha Mbale apumzike na kutusifu. (Makofi.) Najua wako wasomi wanaouliza nyangumi atatoka wapi ziwani. Hao ni wavivu wa kufikiri, kwa sababu kiboko wetu ni nyangumi ambaye hajapewa mafunzo. (Kicheko. Afande Ojok wa polisi anaendelea kucheka peke yake.) Na Sheikh Bruhan aliponiuliza Waislamu wataonja nini, nilimjibu papo hapo kwamba wao watamtazama nyangumi mara mbili. (Sheikh anatazama viatu vyake.)

Utekelezaji umefikia asilimia mia moja na kumi, na hiyo kumi ya juu ni juhudi yangu binafsi. Tulianza na kapasiti bildingi ya mkulima: niliamuru kahawa yote ya Budondo ing'olewe ipishe mizabibu, nanyi, kwa utii ambao nimeusifu hata nje ya nchi, mkaing'oa mpaka mizizi. Miche ya mizabibu inakuja. Iko njiani. (Minong'ono juani.) Nani huyo anapiga kelele? Ah, ni Annah Namwase, yule mjane wa kule bondeni. Mpeni kipaza sauti, asije akasema uongozi hausikii.

("Afande, mimi niling'oa kahawa yote. Ile shamba ndiyo ilikuwa nasomesha watoto yangu. Sasa iko majani tu, na watoto iko nyumbani. Hiyo zabibu iko wapi?")

Swali zuri, mama, na ujinga uliomo nausamehe. Wewe unaona majani, lakini sisi wataalamu tunaona mandhari, na mtalii hupenda sana mandhari, hasa yasiyo na watu wanaouliza maswali. (Makofi kutoka kwenye hema.)

("Afande, mtalii amekuja hata moja?")

Mama Annah, soma jina la kamati! Ni Kamati ya Safari. Kuna mahali pameandikwa mizabibu? Kazi yetu ilikuwa kupanga safari fupi ya mvinyo na nyangumi, na safari tuliipanga, tena tukaenda: mimi, Lillian, na Afande Ojok kwa usalama wa Lillian, hadi kule kusini kabisa mwa Afrika, tukapita kwa gari kati ya mizabibu yenyewe, tukaonja mvinyo mwekundu na mweupe, na pwani tukamwona nyangumi kwa macho yetu akitupungia mkia, nami nikampungia kwa niaba yenu. (Lillian anapunga mkono.) Mradi mwingine haukuwepo, wala sijui mliutoa wapi.

Na yote haya mliyaidhinisha wenyewe! Kumbukeni mkutano wetu uwanjani hapa hapa, nilipoomba kura ya kuruhusu safari, na kwa kuwa ulimi wetu wa Busoga hautenganishi kura na kula, mlinyoosha mikono yote miwili huku mkitazama masufuria. Demokrasia gani tena mnataka? Sasa tuitikie pamoja. Mvinyo! Nyangumi! (Afande Ojok anaitikia peke yake.) Maendeleo! (Watu wa hema wanatazama sahani zinazoletwa.)

("Afande, sisi tulinyosha mkono ya kula.")

Basi tulielewana, mama. Mlisema kula, nikala. Asanteni sana.