Vumbi Chini ya Bandeji

Jumamosi, 12 Julai 2025

Nimeruhusiwa kutoka hospitali ya Kibiti. Ngiri imeshonwa, niko nyumbani Mtawanya. Nesi Mwantumu kanipa maelekezo kama mtoto wa chekechea: nisilowanishe mshono, nisibebe mzigo, nirudi kutolewa nyuzi. Nikamwambia nimeelewa tangu alipofungua mdomo. Kamgeukia mke wangu Hajira, akamwambia yote upya. Dharau hiyo nimeimeza.

Jambo kubwa ni Ijumaa. Wazee wa msikiti wanachagua muadhini mpya, na kila anayeitaka kazi ataadhini mbele yao. Tumejitokeza wawili tu: mimi na ustadhi Abdulrazaq wa madrasa, mwenye sauti ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Nafasi hii nimeisubiri tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Siikosi kwa sababu ya bandeji.

Jumapili, 13 Julai

Tatizo. Swala inataka tohara, nesi hataki maji. Mjinga angekwama hapo. Mimi nikakumbuka: maji yakishindikana, mtu hutayamamu kwa udongo. Sasa, uso na mikono yangu vinaoshwa vizuri tu. Pasipofikiwa na maji ni hapa chini ya kitovu. Basi udongo uende hapo! Nimeuchota nyuma ya banda la kuku, ndiko kukavu. Nikapaka juu ya bandeji, na kidogo chini yake, kwa uhakika. Hajira kauliza nafanya nini. Nimemjibu: elimu.

Jumatano, 16 Julai

Abdulrazaq kaja kunijulia hali na papai. Kampeni hiyo. Kaona udongo kwenye msuli niliojifunga, kauliza, nikamweleza. Kaweka papai chini. Halafu, kwa ule upole wake wa kuudhi, kasema tayamamu ni uso na mikono, kidonda kiwe popote, na udongo sharti uwe safi. Kanisihi niende hospitali leo hii.

Leo! Ili Ijumaa abaki peke yake. Nimemshukuru, papai nimelila. Mshono unawasha, maana yake unapona. Nimeongeza udongo.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeamka natetemeka. Hajira kalia. Kasema nanuka, na kwamba yeye hayuko tayari kukaa eda kwa ajili ya kipaza sauti. Nikamwambia asinitie nuksi.

Nikaenda. Abdulrazaq akaanza, watu wakavumilia. Nikashika kipaza sauti mimi. Takbira zilitoka safi, mzee Kondo, mmoja wa wachaguzi, alifumba macho kabisa. Nilipofika pa kuwaita watu waje kwenye swala, kipaza sauti kikaniponyoka. Nikawaendea mimi, kichwa mbele.

Aliyenipakata kwenye bajaji mpaka Kibiti ni huyohuyo Abdulrazaq. Njia nzima ananisomea dua kwa sauti ileile. Nilikuwa sina nguvu ya kumkatiza.

Jumamosi, 19 Julai

Nimerudishwa chumba cha upasuaji, wakafungua mshono wote. Usaha. Wakasafisha, wakashona upya. Nesi Mwantumu kauliza udongo umeingiaje. Nikasema upepo. Kauliza, na hili nyoya la kuku? Nikasema ulikuwa upepo mkali.

Daktari kasema ningechelewa kidogo sumu ingesambaa mwilini, na sasa hivi wangekuwa wananiswalia. Niliogopa. Naandika hapa tu, sitamwambia mtu. Nilimshika Hajira mkono, hata alipotaka kwenda kunawa sikumwachia. Naye hakuuvuta.

Jumatatu, 21 Julai

Wazee wamemchagua Abdulrazaq. Kaja mwenyewe kuniambia, macho chini, akaniomba nikipona nimfundishe kuvuta pumzi. Kwa hiyo hata yeye anajua! Nikamwambia nitafikiria.

Baadaye daktari kapita. Mshono ni mbichi: nisikohoe kwa nguvu, nisijikaze, nisinyanyue kitu, nisiweke chochote juu yake. Hajira kaamriwa arudie kwa sauti, karudia bila kukosea. Halafu kanigeukia, kaniuliza kama safari hii nimesikia. Nimemwapia kwamba nimesikia.

Na kweli nimesikiliza neno kwa neno. Adhana haikutajwa.

Wodi hii imejaa Waislamu na haina muadhini. Watu wanaswali kwa kukisia. Kesho alfajiri nitasimama juu ya kitanda, nivute pumzi mpaka chini ya kitovu, niionyeshe Kibiti yote kile walichokosa watu wa Mtawanya.