Bungua Waliomwangusha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Stoo inatafuna. Kru, kru, kru. Nimeinua mwanzi mmoja, unga wa njano ukanimwagikia kiatuni. Bungua! Wamehamia na ukoo mzima kwenye mianzi ninayotaka kumwundia mama mkwe kitanda, naye anafika Jumapili. Mke wangu amenikumbusha kwamba kaka yake aliniambia niiloweke kwanza kwenye maji ya boraksi, wadudu wasiiguse. Nimemjibu kuwa shemeji ni fundi baiskeli, mianzi ataijulia wapi. Akasema baiskeli zake hazijawahi kuliwa.

Jumanne, 4 Machi
Dawa yangu mwenyewe: mafuta ya taa na pilipili. Nimepaka mianzi yote. Kisha nikajifuta jicho. Nimeshinda kichwa kikiwa ndani ya ndoo ya maji. Bungua bado wanakula, nadhani nimewaungia mboga.

Alhamisi, 6 Machi
Moshi! Nimewasha majani mabichi stoo, nikafunga mlango. Moshi ukatokea dirishani, ukaingia kwa jirani yetu mshonaji. Gauni la bibi harusi sasa lina rangi ya chai. Hakufoka, alinitazama tu. Heri angefoka. Shemeji amekuja kuzima moto, akasema ana kitanda cha mianzi iliyolowekwa, nikichukue. Nimekataa. Mwanamume hawezi kuokolewa mara mbili kwa siku moja.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeunda kitanda. Matundu nimeyaziba kwa nta, juu nikapaka vanishi. Kinang'aa kama kioo. Shemeji amekibonyeza kwa kidole, akaondoka. Wivu.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe amefika. Amekisifu kitanda. Amekikalia.

Kilisema pu. Hakikuvunjika, kilimwagika. Mama mkwe akabaki sakafuni, wa njano kwa unga hadi kwenye nyusi. Mke wangu aliuma kanga asicheke. Mama akaniuliza taratibu, "Mwanangu, nimekukosea nini?"

Shemeji akaleta kitanda chake.

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe amelala fofofo usiku kucha, sasa anasema atakaa mwezi mzima. Shemeji ameniachia pakiti ya boraksi mlangoni. Nimeizuilia mlango, ulikuwa unajifunga wenyewe kwa upepo.

Nimekwisha gundua kosa langu. Bungua wana nguvu kwa sababu wanapata usingizi. Nimenunua mianzi mipya, nimeipanga stoo, nimeiwashia redio kwa sauti ya juu. Mama mkwe nimemwahidi kiti cha kubembea.