Kipaza Sauti cha Mjomba

Jumatatu, 3 Agosti

Zimebaki siku kumi na mbili. Kikao cha kwanza cha kamati ya maonyesho ya mifugo. Nimepanga viti, nimechemsha chai, nimeandika muhtasari kurasa nne. Mwaka wa sita huu mimi ni katibu wa Chama cha Wafugaji. Wa sita! Vizimba nagawa mimi. Majaji nawaandikia mimi. Tepe za washindi nazikata mimi kwa mkasi wa mke wangu. Siku yenyewe ikifika, anayetajwa na watu ni mjomba wangu.

Mjomba ndiye mtangazaji. Ameshika kipaza sauti miaka ishirini na moja. Ng'ombe akiingia uwanjani, mjomba humtaja yeye, mama yake, bibi yake, na mwaka ambao bibi huyo alivunja uzio wa shule. Watu hucheka mpaka kushika mbavu. Mwaka jana fahali mmoja alielezwa dakika ishirini. Mgeni rasmi akasinzia. Fahali naye akalala.

Nimekata shauri. Mwaka huu kipaza ni changu. Sauti ninayo. Mke wangu anasema ni sauti ya mtu anayeita kuku. Wivu tu.

Jumatano, 5 Agosti

Sababu nimeipata. Sikio la kushoto la mjomba limeanza kuchoka. Leo kikaoni nikakaa kushoto kwake, nikamwuliza kwa sauti ya chini kabisa kama mbuzi watangulie kondoo au kondoo watangulie mbuzi. Nia: asisikie, kamati ijionee.

Hakusikia. Tatizo, hakuna aliyesikia. Mwenyekiti wetu ni muuguzi mstaafu, huendesha kikao kama wodi. Akaniuliza kama nimeamka na homa. Daktari wa mifugo akaniambia nisimame niseme kama mtu aliyekula. Nikasimama, nikapaza sauti. Mjomba akajibu vizuri mno. Mbuzi watangulie, maana mbuzi hana subira. Kondoo atangoja hata kesho. Wakampigia makofi. Makofi hayo nimeyaandika mimi mwenyewe kwenye muhtasari.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimefanikiwa. Niseme hivyo.

Ofisi yetu imepakana na mashine ya kusaga nafaka. Dirisha la upande ule huwa halifunguliwi. Leo nikasema kuna joto, nikalifungua, na kiti cha mjomba nilishakiweka papo hapo. Mashine ikanguruma. Mwenyekiti akamwuliza kondoo walioandikishwa ni wangapi. Mjomba akatabasamu.

“Kidonda kimepona,” akasema. “Namshukuru Mungu.”

Daktari alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Tukacheka wote. Mjomba naye akacheka, huku akitutazama mmoja mmoja, apate kujua tunacheka nini. Hapo kicheko kikanikwama. Lakini maneno nilishayaandaa, nikayasema. Kwamba umri ni heshima. Kwamba mwaka huu jaji anatoka mbali, na jambo likisikika vibaya, aibu ni ya chama kizima. Nilisema kwa huruma kubwa. Mpaka nikaisikia mwenyewe, ile huruma.

Mwenyekiti akamwinamia, akamwuliza kwa sauti ya juu kama asingependa kupumzika mwaka huu. Mjomba akazungusha kikombe mezani. Akasema kama chama kimeona hivyo, yeye ni nani? Akaomba ruhusa, akatoka. Chai yake hakuigusa.

Kura zote nimepata mimi. Nilidhani ningefurahi kuliko hivi.

Jumapili, 9 Agosti

Mjomba amekuja nyumbani. Nilitaka kupitia mlango wa nyuma. Mke wangu akawahi kumkaribisha, kusudi kabisa.

Hakuja kugomba. Alikuja kunichukua tuzunguke naye zizi kwa zizi, wiki hii, anionyeshe wanyama. Anasema mtangazaji awajue kabla hawajaogeshwa, maana wakishaogeshwa wanafanana wote, kama watu. Nikamshukuru. Nikamwambia siku hizi kuna orodha. Nimeipiga chapa mwenyewe, kurasa kumi na moja, kwa alfabeti. Nimenakili daftari la mwaka jana, nikaongeza wapya. Namba, kizimba, jina la mwenyewe, sifa. Kila kitu.

“Aha,” akasema mjomba. “Orodha.”

Akanywa maji, akaenda zake.

Mke wangu akamaliza kwanza kukunja nguo. Ndipo akasema: mama yangu alipofariki, mjomba huyu ndiye aliyenilea. Nilipooa, mjomba huyu ndiye aliyenipa mtamba wa kuanzia maisha. Na mimi nimemfungulia dirisha. Kumsimulia mke kila kitu ni kosa ninalolirudia tangu harusi.

Jumanne, 11 Agosti

Ugomvi na daktari. Ameanza kupokea wanyama uwanjani. Anawafungua midomo, anawakagua kwato, anawavalisha hereni za namba masikioni. Anawapa namba kwa jinsi wanavyofika! Nikamwonyesha orodha. Nikamwambia afuate alfabeti. Akasema ng'ombe hajui alfabeti, anashuka garini anapofika. Nikamkumbusha katibu ni nani. Akasema vizuri, katibu amshike huyu mkia, yeye ampime homa. Nikakumbuka nina kazi ofisini.

Ananiambia miaka yote mjomba hushinda hapo langoni siku tatu hizi, juani, akiandika kila mnyama kwa mkono wake. Sikulijua hilo. Hakuwahi kulisema.

Haidhuru. Namba ni namba.

Alhamisi, 13 Agosti

Tumejaribu spika. Nimesimama jukwaani, uwanja mtupu, nikasema moja mbili tatu. Sauti yangu ilikwenda mpaka ukuta wa ghala, ikarudi imenenepa. Raha iliyoje! Mwenyekiti alikuwa akipima vizimba kwa kamba. Akasikiliza. Akasema nisivunjike moyo, hata mjomba mwaka wake wa kwanza alikuwa hivyo hivyo. Nisivunjike moyo na nini?

Jioni nikampelekea mjomba kadi ya mwaliko. Kiti cha mbele, kivulini, pamoja na wageni wa heshima. Wazo langu mwenyewe. Nilimkuta anapiga pasi koti lake la maonyesho, lile la kahawia lenye vifungo vikubwa. Anapiga polepole, mpaka ndani ya mifuko. Nikamwuliza la nini mwaka huu. Akasema koti halijaambiwa.

Nikaiacha kadi mezani. Sikukaa.

Jumamosi, 15 Agosti

Naandika upesi, kabla sijaanza kujihurumia.

Saa tatu asubuhi, watu wamejaa mpaka juu ya uzio. Mbuzi walipita salama, kwa kuwa mbuzi hawakungoja kutajwa. Kondoo vilevile. Wakaja ng'ombe. Nikaona hereni namba kumi na nne, nikatazama orodha, nikavuta pumzi.

“Namba kumi na nne! Mama wa ndama wanne! Lita kumi na nane kwa siku! Mpole, hukamuliwa hata na mgeni!”

Uwanja ukaangua kicheko. Nikainua macho. Fahali. Mkubwa kama lori, pete puani. Mwenye fahali alinitazama kana kwamba nimemtukania ukoo. Jaji, mama mrefu aliyevaa buti nyeupe, akauliza kwa adabu kama katibu yuko tayari kumkamua kwanza.

Basi nikaziacha namba. Nikasema nitafuata vizimba. Vizimba niligawa mwenyewe, hapo sina shaka. Ikaenda vizuri nusu saa nzima. Jaji akaniletea karatasi: mtamba bora wa maonyesho, kizimba cha sita. Nikatazama orodha. Nikamwita mwenyewe kwa jina kamili, jina la baba na la babu. Nikamwomba aje mbele apokee utepe wake. Hakuja. Nikamwita tena. Nikamtania, nikasema huenda ushindi umemtia kiwewe, ajitokeze tumwone!

Watu juu ya uzio wakainamisha vichwa.

Alifariki mwezi Machi. Mazishini nilikuwepo. Nilinakili daftari la mwaka jana. Katikati ya uwanja alisimama mjane wake, muuza maziwa, kamba ya mtamba mkononi, hajui aje mbele au arudi nyuma.

Kipaza sauti nilichokipigania nikakishusha.

Aliyetoka uzioni ni mjomba. Hakuwa kwenye kiti cha wageni. Tangu asubuhi alikuwa amesimama juani na koti lake. Akavuka uwanja taratibu, akasimama kando ya yule mama, akasema kwa sauti yake tupu, bila spika: “Mtamba huyu ni wa mama huyu. Amemlea peke yake tangu Machi. Tazameni anavyong'aa.” Basi. Maneno hayo tu, yeye ambaye fahali mmoja humpa dakika ishirini. Watu wakapiga makofi mpaka ng'ombe wakashtuka.

Baada ya hapo nusu ya uwanja ikahamia uzioni kwa mjomba, kumwuliza yupi ni yupi. Nikamwona anawarudisha. Daktari ameniambia alichowaambia: msikilizeni mtangazaji, mimi leo ni mtazamaji.

Kabla ya kombe kutolewa akaondoka. Mara ya kwanza katika miaka ishirini na moja.

Jumapili, 16 Agosti

Nimekwenda kwa muuza maziwa asubuhi. Nilijitayarisha kutukanwa, ingekuwa nafuu. Akanipa kiti. Akasema hakukasirika. Akasema jina lile lilipotoka kwenye spika, kamili kabisa, mara mbili, aligeuka kutazama langoni. Kidogo tu, akadhani anakuja.

Sikujua niweke wapi mikono yangu.

Kutoka hapo nikaenda kwa mjomba. Koti lilikuwa limetundikwa ukutani. Nikamwamkia, akaitikia. Nikaomba radhi kwa ajili ya orodha. Nikaieleza orodha kwa kirefu, daftari la mwaka jana, alfabeti, hereni. Akanisikiliza, ameegemea upande wa sikio zima. Nilipomaliza akasema la dirisha sikulitaja.

Kumbe aliniona nikilifungua. Nikamwuliza mbona hakusema. “Nilisema labda mpwa wangu anaona joto,” akajibu.

Halafu akaniambia sikio ni bovu kweli, hilo sikulitunga. Tangu mwaka juzi anatafuta mtu wa kumwachia kipaza, na mtu mwenyewe nilikuwa mimi. Alikuwa anangoja nimwombe. Ningemwomba tu, angenipa siku ile ile, na angenizungusha mazizi yote.

Nikaona afadhali angenipiga.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu. Mke wangu ameniuliza mjomba amesemaje. Nikasema amesamehe. Akasema hakuuliza hilo.

Jumanne, 18 Agosti

Nimeandika barua ya kukiri kwa kamati. Nimeichana. Nimeandika nyingine, nzuri zaidi, nayo nimeichana. Barua haimrudishii mtu heshima. Heshima hurudishwa kwa vitendo.

Kwa hiyo hila basi. Naapa. Nimeonja uchungu wake, sitaki tena. Kuanzia leo ni njia iliyonyooka, na lengo langu ni moja: kumfidia mjomba. Nimewaza siku mbili, nimepata. Mjomba awe mwenyekiti wa chama! Sikio si kikwazo. Mwenyekiti hana haja ya kusikia, anahitaji kusikilizwa, na mjomba anasikilizwa kuliko spika.

Kuna tatizo dogo. Kiti kina mtu.

Lakini leo kwenye kikao cha tathmini nimemwona Mwenyekiti akisoma barua ya jaji. Aliishika mbali. Kisha mbali zaidi. Kisha akampa daktari amsomee, akasingizia kikohozi.

Masikini. Macho yale yamechoka. Ni huruma tu inayonisukuma, wala si kingine. Nimeshamwambia muhtasari wa kikao kijacho nitampigia chapa mimi mwenyewe, ausome kwa sauti mbele ya wanachama wote.

Herufi nitatumia ndogo. Ndogo sana.