Masharubu ya Kipindupindu

Jumatatu, 8 Juni. Mwingi.

Bodi ya shule inakaa Ijumaa. Mkataba ni mmoja na sisi ni wawili: mimi Mulinge, na Bi. Fahima wa meza ya pili. Sote tunafundisha Bayolojia, sote ni vibarua wa bodi. Miaka mitatu nangoja! Mama ameshatangaza kanisani kwamba mkataba ni wangu. Nikikosa, Jumapili nitaingilia mlango gani?

Fahima ana chaki na kitabu. Mimi nina akili. Nimenunua karatasi za manila na kalamu za rangi. Kidato cha Tatu watajifunza vijidudu kwa katuni! Nimeshinda ofisi ya walimu nikichora bakteria wa kipindupindu. Mkia ulikuwa rahisi. Uso ndio ulinisumbua. Kila nikikwama naangalia ukutani juu ya meza yangu, napumzisha macho, na uso unakuja wenyewe. Umetoka na masharubu mazito na kofia. Kofia sijui ilitoka wapi, lakini inampendeza.

Jumanne, 9 Juni

Darasa limelipuka! Kasiva, ambaye amelala tangu Januari, alicheka mpaka nikamtoa nje. Walimu walikuja kuchungulia dirishani wakiwa wameziba midomo. Sijawahi kufundisha hivi maishani.

Fahima alinivuta kando. Akanisihi nifute masharubu kabla ya Ijumaa. Nikamuuliza masharubu yamemkosea nini. Akasema niangalie vizuri. Nimeangalia. Yamelingana pande zote. Wivu huo! Nimeyaongeza wino.

Jumatano, 10 Juni

Nimetoa jaribio. Nimechanganyikiwa kabisa. Niliuliza kipindupindu huenea vipi. Kasiva ameandika kwamba hupotea miaka mitano, halafu hurudi na gari la vipaza sauti akisalimia kina mama. Nusu ya darasa wameandika hivyo hivyo. Miaka mitano? Kitabu kinasema siku chache tu. Nimekisoma mara mbili. Nimewapa nusu alama kwa mwandiko mzuri.

Labda hawakuiona picha vizuri. Nimechora nyingine, kubwa mara tatu.

Alhamisi, 11 Juni

Nimeibandika langoni kando ya mfereji wanapochota maji, ili mwenyekiti wa bodi aione kwanza. Mama mmoja anayeuza maji alisimamisha punda wake, akauliza huyu sasa yuko chama gani. Nikamwambia hana chama, ana mkia. Akasema hata yeye amekuwa akishuku. Kushuku nini? Akaenda zake akicheka. Kufika jioni watu walikuwa wamejipanga wanaipiga picha kwa simu. Elimu imefika sokoni!

Kisha nikamkuta Fahima juu ya kiti, anaibandua. Eti ananisaidia. Mshindani wangu anisaidie nini? Nimeongeza gundi.

Ijumaa, 12 Juni

Mwenyekiti wetu, Bwana Kyule, ambaye pia anatafuta tena kiti cha wadi kwenye uchaguzi wa mwaka ujao, alifika saa nne. Alisimama langoni muda mrefu. Nikajua picha imemgusa. Nikakimbia kumweleza: mheshimiwa, huyu ndiye adui mkubwa wa watu wa Mwingi. Hujificha penye uchafu. Dawa yake ni kupigwa sabuni mpaka atoke! Nikamwomba aseme machache ya kumkemea mbele ya wanafunzi. Alishika masharubu yake, akarekebisha kofia, akaingia ofisini.

Saa sita barua ikatoka. Mkataba ni wa Fahima. Mimi kazi yangu imeisha leo.

Nimelia chooni, naandika bila aibu. Miaka mitatu! Fahima alikuja na chai, macho yake pia mekundu. Akanishika mabega, akanigeuza nitazame ukutani. Nimetazama. Ni picha ya mwenyekiti, imetundikwa hapo tangu nije. Sasa yeye anaingiaje kwenye kipindupindu?

Mama amepiga simu mara nne. Sijashika.

Jumatatu, 22 Juni. Sultan Hamud.

Nimepata shule! Nashikilia nafasi ya mwalimu aliyeenda kujifungua. Mwalimu mkuu, Bi. Kavindu, ni mama mpole mwenye mwanya mpana wa meno. Amenipokea vizuri mno. Amesema nikifanya kazi yangu atanitetea kwa bodi nibaki. Nimempigia Mama. Ameshatangaza kanisani.

Na kosa langu la Mwingi nimeligundua. Yule kijidudu alikuwa amenuna. Mtu mzima atapendaje kitu kilichonuna? Huku naanza na minyoo, na wote watatabasamu.

Meza yangu inatazamana na mlango wa ofisi ya Bi. Kavindu, na yeye huuacha wazi. Nimemaliza mnyoo wa kwanza sasa hivi. Ametoka na mwanya, sijui kwa nini, lakini amependeza sana! Kesho asubuhi namwekea Bi. Kavindu mezani, awe wa kwanza kumwona.