Maoni Mia Nne na Kumi na Mawili

Jumatatu, 9 Juni

Namshukuru Mungu kwa miwani mipya. Imekuja kwa wakati wake, maana leo nimepata kazi. Kazi ya uongozi!

Kamati ya michezo ya kata yetu hapa Buzebazeba imekutana juu ya jambo la aibu. Wiki iliyopita Ikram, mchezaji wa timu ya netiboli ya wanawake, alijirekodi kwa simu akaeleza jinsi Kocha Adolf anavyowapiga na kuwashikashika wachezaji. Anayekataa hupoteza namba kikosini. Video imewekwa kwenye ukurasa wa habari za mji, na chini yake watu wameandika maoni mia nne na kumi na mawili. Kocha anakana. Ijumaa, katika mkutano wa hadhara, kamati itaamua arudi uwanjani au asirudi. Bi. Mwanvua, mwenyekiti wetu, anataka kwanza kujua watu wanasema nini, kwani wamo waliowahi kuichezea timu hiyo.

Bonifasi, karani mstaafu wa stesheni, alinyoosha kidole. Mimi nikanyoosha mkono mzima. Nikasema nitayachambua maoni kwa kompyuta, kisayansi. Bonifasi akauliza kama ni kompyuta ile niliyoizima kwa kuchomoa waya ukutani.

Ikram nilimfundisha darasa la sita. Msichana mkweli. Sina shaka na neno lake. Aidha, katibu wa kamati amehamia Kasulu na kiti chake ki wazi. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja vizuri sana.

Jumanne, 10 Juni

Frida ana duka la vifaa vya ofisi karibu na msikiti. Mwanamke mvumilivu. Amenionyesha programu ambayo ukiipa maneno, inahesabu na kupaka rangi: kijani kwa walioridhika, nyekundu kwa wenye hasira. Amenifundisha kunakili na kubandika mara tisa bila kuniita mzee. Mungu amzidishie.

Nilipoyasoma maoni nilishtuka. Adabu imekwenda wapi? Watu wanaingia bila hodi! Mmoja ameandika "Mshenzi huyu!" akaondoka zake. Mwingine amemwita Kocha mnyama, kwa Kiha, na mnyama mwenyewe amemtaja. Mimi nimefundisha uandishi wa barua miaka thelathini na minne. Kamati ni ofisi. Maneno hayapelekwi ofisini kifua wazi. Nitayavalisha.

Jumatano, 11 Juni

Nimeyavalisha. Kila oni limepata mwanzo wake: "Shikamooni. Natumaini hamjambo. Nashukuru kwa nafasi hii." Na mwisho wake: "Ahsanteni sana, Mungu awabariki." Matusi nimeyafuta. Yaliyokuwa matusi matupu yamebaki salamu na shukrani, nayo yanapendeza. Mwanamke mmoja, Rozalia, ameandika aya nne za kilio akianzia mwaka 2019. Ndefu mno kwa ripoti. Nimebakiza salamu.

Nikaipa programu. Kijani asilimia tisini na nne!

Frida alitazama kioo cha kompyuta, akaniuliza kama haya ni maoni ya watu au shamba la mchicha. Akataka kujua watu wamefurahia nini, na msiba wenyewe huu. Nikamweleza kwamba kijani hicho ni ustaarabu. Akasema mashine haijui ustaarabu, inajua kuhesabu tu. Nilimwonea huruma. Hata hivyo alinichapia grafu kwa rangi. Namshukuru.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeituma grafu asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la kamati, ili Bonifasi asinitangulie. Vidole gumba vitatu. Bonifasi hakuweka chochote. Wivu!

Saa saba mchana Kocha Adolf, ambaye mtu wa kundini alishamrushia grafu, akabisha hodi. Ameleta samaki sita wabichi, migebuka, kutoka Kibirizi. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema wazee wa haki bado wapo. Nikastaajabu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuupokea uchambuzi kwa moyo mweupe namna hiyo. Mke wangu Veneranda akawakaanga kwa mawese. Nilikula wawili. Ndipo Veneranda akauliza, polepole, kwa nini mshtakiwa anamletea samaki mwandishi wa ripoti.

Wa tatu nikamrudisha kwenye sahani.

Nikafungua simu. Adolf ameisambaza grafu yangu mji mzima, toka Ujiji hadi Mwanga. Ameandika: "Wananchi wamesema. Kesho narudi uwanjani."

Kisha Ikram akapiga. Afadhali angenitukana. Aliniamkia vizuri, akauliza kama ni kweli kwamba watu wote wamefurahi. Nikaanza kumweleza habari za ustaarabu. Akasema basi ataifuta video, na wenzake watamsamehe kwa kuwaaibisha. Nikamwomba asiguse kitu mpaka mkutano uishe. Akasema, "Sawa, Mwalimu." Sijapata kuogopa neno "sawa" kiasi hicho.

Nimewarudisha samaki waliobaki. Adolf akauliza wawili wako wapi.

Ijumaa, 13 Juni

Nilipanga kukiri kwa maneno machache ya heshima. Bonifasi akanitangulia. Alikuwa na maoni yale yale kama yalivyoandikwa, kurasa thelathini na moja, ameyachapa kwa vidole viwili! Bi. Mwanvua akaweka karatasi zake kando ya zangu. Akaniuliza hizi shikamoo zimetoka wapi.

Nikasimama. Nikasema shikamoo ni zangu. Shukrani ni zangu. Na Mungu awabariki ni wangu pia. Ukumbi ulicheka hadi Bonifasi akavua miwani. Adolf hakucheka. Ikram naye hakucheka.

Mwenyekiti akaamuru yote yasomwe kwa sauti, bila kuruka hata moja. Bonifasi alikauka koo ukurasa wa nne, akanisogezea karatasi bila kuniangalia. Sauti ya darasani bado ninayo. Nikasoma. Nimetamka leo mambo ambayo sikuyatamka kwa miaka sabini na mmoja, na yule mnyama wa Kiha nilimtaja mara mbili kwa kuwa waliomba. Tulisimama kwa swala ya Ijumaa, tukarudi, nikaendelea.

Nikafika kwa Rozalia. Aya nne. Hakuwa analia tu, alikuwa anaeleza: uwanja gani, siku gani, nani alifunga mlango. Nikaishusha karatasi. Mwanamke muuza dagaa aliyeketi nyuma akasimama na kusema, "Endelea, Mwalimu. Ni mimi huyo." Nikasoma mpaka mwisho. Akasimama wa pili. Akasimama wa tatu. Ikram alitoka kwenye kiti chake akaenda kukaa nao.

Kocha amesimamishwa. Bi. Mwanvua amewapeleka wote wanne dawati la jinsia polisi, kwa miguu yake mwenyewe.

Na mimi ningewafuta kwa salamu. Namshukuru Mungu kwa Bonifasi. Nimeandika sentensi hiyo bila kulazimishwa.

Jumatatu, 16 Juni

Shukrani tupu. Polisi wanamhoji Adolf. Timu imefanya mazoezi, na Ikram alipiga filimbi mwenyewe. Rozalia amepita kunisalimu. Tulikunywa chai, ikatosha. Bonifasi ndiye katibu. Nimempa mkono.

Bi. Mwanvua amenishukuru mbele ya wanakamati wote kwa kusoma. Kisha, mbele ya hao hao, ameniomba nisibadilishe tena hata herufi moja ya maneno ya mtu. Nimeapa. Kosa langu nimelielewa barabara.

Jioni nimeona maoni mapya juu ya uamuzi wa kamati: mia sita na themanini. Bonifasi bado anachapa ukurasa wa kwanza. Mimi sikugusa hata herufi. Nimechagua tu yale ambayo wenyewe wameanza kwa salamu na kumaliza kwa shukrani.

Yamepatikana kumi na moja. Kijani asilimia mia! Nimekwisha kuituma grafu kundini.