Kwale wa Ufaransa na Komeo la Nje

Leo nimejidhalilisha mbele ya wakwe, tena nyumbani kwangu mwenyewe.

Mtaani walisema sitarudi kutoka Ufaransa na kitu zaidi ya koti. Nimerudi na diploma ya ufundi wa majokofu, nimejenga nyumba huku Ilemela, juu ya miamba, na juu ya mlango wa sebuleni nimetundika picha ya zamani ya Kifaransa: kwale watatu waliowindwa, wamefungwa miguu, vichwa chini. (Sanaa hiyo. Nyie endeleeni na kalenda.)

Saa tano asubuhi wazazi wa Neema, mchumba wangu, wakaja kuiona nyumba. Wakiridhika, posa yangu inapokelewa. Nikawaamkia, wakaketi. Neema akaenda jiko la nje kuchukua chai.

Mama yake akaitazama picha. Akajifunga khanga upya.

"Mwanangu, hao ndege umewekewa na nani?"

"Ni sanaa, mama. Ya Ufaransa."

"Kwetu ndege akitundikwa hivyo mlangoni, ujue kuna mchawi kafanya kazi yake. Ndege huyo akimtaka mtu, hupiga mabawa."

Nikacheka kicheko cha msomi.

Kwaru. Kwaru kwaru.

Picha ikatikisika! Nywele zikanisimama, hata zile nilizonyoa jana.

Sikumbuki kuamua lolote. Nilijikuta nje, juu ya jiwe refu kuliko yote mtaani, peku, natweta. Na mlango nimeufunga. Kwa komeo la nje! (Mazoea. Nikitoka, nafunga.) Madirisha yote yana nondo.

Neema akatokea na chupa ya chai.

"Wazazi wangu wako wapi?"

"Ndani."

"Na nani?"

"Na wale ndege."

Akafungua komeo. Nikachungulia kutoka nyuma ya mgongo wake. Mzee ameketi palepale. Mama amesimama juu ya kiti, kashika kandambili yangu iliyonivuka mbioni. Sakafuni, mjusi. Mmoja. Mdogo.

Mzee akapokea chai, akaipuliza.

"Tulikuja kuona kama nyumba hii ina mwanaume," akasema. "Nyumba tumeiona."

Akanywa funda moja, akaendelea.

"Jumamosi tunarudi. Picha ibaki hapohapo. Na wewe ubaki."

Tangu waondoke nimekaa chini ya wale kwale, najizoeza. Mkinicheka, chekeni polepole. Kicheko cha ghafla kinafanana sana na mabawa.